Woga Usikunyime Ndoto Yako

Mada ya leo: Jinsi mama anavyoweza kuushinda woga na kufuata wazo lake bila kuhatarisha afya yake na ya watoto wake.

Aliye jikoni na asogeze redio karibu. Anayenyonyesha na akae starehe.

Mara nyingi tunazungumza juu ya malaria, chanjo, maji safi na lishe ya mtoto. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kipimajoto hakiwezi kulionyesha, lakini linawatesa akina mama wengi. Jambo hilo ni woga. Si woga wa nyoka wala wa giza. Ni ule woga unaomshika mama mwenye wazo ambalo hakuna mwingine kijijini amelifanya. Anataka kurudi shule akiwa na watoto watatu. Anataka kujifunza kuendesha pikipiki, au kuchomelea vyuma. Anataka kuuza mandazi ya viazi vitamu, na soko zima linauza ya ngano tupu. Wazo linalala kifuani mwaka wa kwanza, wa pili, hata wa tano.

Utauliza, "Sista, hilo nalo ni jambo la afya?" Ndiyo, mama. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inasema kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha ya mtu katika jamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Mama anayeishi na woga kila siku hulala vibaya, hula vibaya, na huwa mwepesi wa kuwafokea watoto. Na wazo alilolificha huenda lingeleta karo ya shule au maziwa ya mtoto.

Woga hufanya nini mwilini?

Mungu hakutuumba na woga bure. Ubongo unapohisi hatari, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini. Moyo hudunda mbio ili damu ifike haraka kwenye misuli. Pumzi huwa fupi, viganja hutoa jasho, mdomo hukauka, na tumbo huvurugika. Mwili unajitayarisha kukimbia au kupigana. Ukikutana na ng'ombe mkali njiani, hali hiyo itakuokoa. Ndiyo maana wazee walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi vizuri kati ya ng'ombe mkali na jirani mcheshi anayekucheka. Ukisimama mbele ya chama kueleza wazo lako, moyo utadunda vilevile. Kwa hiyo moyo kudunda si ishara kwamba wazo lako ni baya. Ni ishara tu kwamba jambo hilo ni geni kwako.

Hapo unaweza kuusaidia mwili. Keti, legeza mabega, vuta pumzi polepole kwa puani ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Fanya hivyo kwa dakika chache. Pumzi ndefu ya kutoa huutuliza moyo. Haihitaji dawa wala pesa, na unaweza kuifanya hata ukiwa kwenye foleni ya kliniki.

Wazo lililozaliwa hapa mpakani

Wengine husema mawazo mapya ni ya watu wa Nairobi au wa ng'ambo. Mimi nasema tazama barabarani. Bodaboda, neno ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa kwetu.

Katika miaka ya 1960, msafiri aliyeshuka kwenye gari upande wa Kenya alilazimika kutembea na mizigo yake hadi kituo cha upande wa Uganda. Kati ya vituo hivyo viwili palikuwa na mwendo, na gari halikuweza kupita bila karatasi nyingi. Vijana wenye baiskeli waliona nafasi. Waliweka mto juu ya kerieri na kuwaita wasafiri, "Boda! Boda!" yaani kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kazi hiyo ilianza Busia, ikaenea Malaba, kisha ikaingia miji mingine ya Uganda na Kenya. Baadaye pikipiki zikachukua nafasi ya baiskeli nyingi.

Hebu fikiri. Baiskeli ilikuwapo. Kerieri ilikuwapo. Msafiri aliyechoka alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuthubutu kuviunganisha vitatu hivyo na kuomba malipo. Hakuanza na kampuni wala mkopo mkubwa. Alianza na mto, baiskeli yake, na abiria mmoja. Leo mama akishikwa na uchungu usiku wa manane, mara nyingi anayeitwa kumfikisha hospitali ni huyo huyo wa bodaboda.

Upange woga wako katika mafungu matatu

Mama anaponiambia, "Sista, naogopa," mimi humuuliza, "Unaogopa nini hasa?" Woga usio na jina huwa mkubwa kuliko nyumba. Ukiupa jina, hupungua. Jaribu kuupanga katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza: woga wa hatari ya kweli. Huu usiupuuze. Kama wazo lako linataka uuze shamba lote, au uchukue mkopo kwa mtu atakayebeba godoro na sufuria ukichelewa kulipa, woga wako unakuambia ukweli. Msala upitao usikufanye uache mbachao. Lakini jibu lake si kuliua wazo. Jibu ni kubadilisha njia ya kulifuata.

Nitoe mfano wa hapa kwetu. Wako akina mama wanaotaka kuuza bidhaa ng'ambo ya mpaka, lakini wanaogopa ofisi ya forodha kuliko wanavyoogopa njia za panya. Huko kwenye njia za panya mama anaweza kuporwa, kupigwa, kudaiwa hongo, hata kudhulumiwa kimapenzi. Kumbe njia halali imerahisishwa. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, kilifunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda mwezi Februari 2018. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizozalishwa katika nchi za Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa na hazitozwi ushuru wa forodha. Tozo nyingine zinaweza kuwapo, na mazao bado hukaguliwa. Kwa hiyo kabla ya kubeba mzigo, nenda kwanza mikono mitupu ukaulize: bidhaa yangu imo katika orodha? Nahitaji karatasi gani? Kuuliza ni bure. Unaona, mama? Woga ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umeelekezwa mahali pasipo pake.

Fungu la pili: woga wa maneno ya watu. "Watasema nini?" "Mama mzima na daftari?" "Huyo anajifanya nani?" Woga huu ndio unaozika mawazo mengi zaidi, na ndio usio na hatari yoyote kwa mwili.

Mnamkumbuka nyanya Priscilla Sitienei wa kijiji cha Ndalat, huko Nandi? Alikuwa mkunga wa kienyeji kwa zaidi ya miaka 60. Alipokuwa msichana hakupata nafasi ya kwenda shule. Mwaka 2010 hivi, akikaribia miaka 90, alikwenda kuomba nafasi katika shule ya msingi ya Leaders Vision Preparatory. Mwanzoni alikataliwa. Hakukata tamaa, na mwishowe akapokewa. Alivaa sare ya shule, akaketi darasani na watoto wa vitukuu vyake, na baadhi ya wanafunzi wenzake aliwazalisha kwa mikono yake mwenyewe. Watoto walimwita Gogo, yaani nyanya kwa Kikalenjin.

Kwa nini alifanya hivyo? Alisema anataka kusoma Biblia mwenyewe, kuandika ujuzi wake wa ukunga na miti shamba usipotee, na kuwaonyesha watoto waliokimbia shule kwamba elimu haina umri. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 99. Waliomcheka, kama walikuwapo, hakuna anayewakumbuka. Yeye habari zake zilifika dunia nzima, na filamu ikatengenezwa juu yake.

Fikiria jambo moja hapo. Mama huyo alijua kazi yake kwa zaidi ya nusu karne, lakini hakuweza kuiandika. Ni akina mama wangapi kwetu wana ujuzi mkubwa, wa kusuka, wa kupika, wa kulima, wa kulea, ambao utazikwa pamoja nao kwa kuogopa kuonekana wajinga mbele ya daftari?

Fungu la tatu: woga ambao ni ugonjwa. Sikiliza vizuri hapa. Kuna woga usioondoka hata pasipo sababu. Mama haogopi wazo jipya tu, anaogopa kila kitu. Halali hata mtoto akilala. Hana hamu ya chakula, au anakula kupita kiasi. Analia bila kujua sababu. Haoni furaha kwa mambo aliyoyapenda. Anajiona hafai. Hawezi kumshughulikia mtoto, au anaogopa kwamba atamdhuru. Wengine hufikia kuwaza kwamba ni heri wasingekuwapo.

Baada ya kujifungua, mama wengi hulia na kuhangaika kwa siku chache, kisha hali hiyo hupita. Ikizidi wiki mbili, usiseme ni uvivu au ni kurogwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 1 kati ya 5 hupata shida ya afya ya akili baada ya kujifungua, hasa huzuni nzito. Ni wengi, mama. Hauko peke yako. Tiba ipo: mazungumzo na mshauri, msaada wa jamaa, na pengine dawa, zikiwemo zile anazoweza kutumia anayenyonyesha. Mwambie muuguzi wa kliniki siku unapompeleka mtoto kupimwa uzito, au mhudumu wa afya ya jamii anayekutembelea. Na aliye na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu mwenye woga wa namna hii usimwambie "jikaze." Atibiwe kwanza, ndoto itafuata.

Lipime wazo kwa kipimo kidogo

Sasa, umeshajua kwamba woga wako ni wa fungu la pili. Utaanzaje? Anza kidogo, kama unavyoonja chumvi ya mchuzi kabla ya kupakua.

Turudi kwa mama yule wa viazi vitamu. Wazo lake ni zuri kuliko anavyodhani. Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Vitamini hiyo hulinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupigana na magonjwa. Watu walizoea viazi vyeupe, na hivi vya chungwa vilionekana vigeni. Lakini wataalamu walioshikilia wazo hilo, miongoni mwao Robert Mwanga wa kutoka Uganda, jirani yetu, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016.

Basi mama huyo asinunue gunia. Afanye hivi:

Kwanza, ateue kiasi cha pesa ambacho kikipotea, watoto bado watakula jioni. Tuseme ni shilingi 300. Pesa za dawa, za karo na za chakula zisiguswe.

Pili, achemshe viazi vichache, aviponde, avichanganye na unga wa ngano, apike mandazi machache. Awape kwanza watoto wake na majirani wawili waseme ukweli.

Tatu, apeleke kiasi kidogo sokoni kwa siku tatu. Aandike katika daftari: nimetumia ngapi, nimeuza ngapi, nimerudi na ngapi, wateja wamesema nini. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake aliye shuleni amsaidie.

Nne, baada ya siku tatu aketi na daftari hilo, asikae na maneno ya sokoni. Pengine mandazi yalikuwa na mafuta mengi. Pengine saa ya asubuhi inafaa kuliko ya mchana. Pengine madereva wa malori wanaosubiri kwenye foleni ndio wateja wake. Abadilishe jambo moja, ajaribu tena.

Likishindikana kabisa, amepoteza shilingi 300 na amepata elimu. Likifaulu, sasa anaweza kwenda kwenye chama chake kuomba mkopo, na ana hesabu mkononi. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa mzazi wa binti aliyejifungua

Pengine ndoto inayohitaji kuokolewa si yako, mama. Ni ya binti yako aliyepata mimba akiwa shuleni na sasa amejificha nyuma ya nyumba na mtoto mgongoni. Anaogopa wenzake, anaogopa walimu, anakuogopa hata wewe.

Jueni kwamba sera ya Kenya inayomruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule ipo tangu mwaka 1994. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo mwingine kuhusu jinsi ya kuwapokea tena wanafunzi kama hawa. Mzazi, fuatana naye hadi kwa mwalimu mkuu. Usimtume peke yake. Kama angependa kubadilisha shule ili aepuke maneno, hilo pia lizungumzwe. Ukikwama, nenda kwenye ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Na mtoto je? Miezi 6 ya kwanza anahitaji maziwa ya mama peke yake. Binti akirudi mapema, muuguzi atamfundisha kukamua maziwa kwa mkono safi katika chombo kilichochemshwa. Maziwa hayo yakifunikwa na kuwekwa mahali penye baridi ndani ya nyumba, yanafaa kwa hadi saa 4. Nyanya ampe mtoto kwa kikombe kidogo, si kwa chupa, kwa sababu chupa ni ngumu kusafisha na huleta kuhara. Binti akirudi jioni, anyonyeshe, na usiku vilevile.

Kuzungumza nyumbani

Wazo jipya hutisha hata wale wanaokupenda. Mume anaweza kudhani unamdharau. Mama mkwe anaweza kudhani utawaacha watoto. Usianze mazungumzo watu wakiwa na njaa au hasira. Ngoja wale, kisha sema kwa heshima: "Baba fulani, nina jambo nataka tulijaribu kwa wiki moja. Litagharimu kiasi hiki. Watoto watakuwa na fulani kwa saa hizi." Neno "tulijaribu" lina uzito wake. Linamfanya mwenzako awe mshirika, si hakimu.

Nanyi akina baba mnaosikiliza, mke anapoeleza wazo, msicheke kwanza. Ulizeni, "Tutaanzaje?" Swali hilo moja linaweza kuinua nyumba.

Lakini kama unayemwogopa ni mtu anayekupiga au kukutisha nyumbani, huo ni woga wa fungu la kwanza, woga wa hatari ya kweli. Usijaribiwe kuushinda peke yako. Piga simu bila malipo nambari 1195 kwa dhuluma za kijinsia, au 116 kama ni mtoto anayedhulumiwa. Mweleze pia muuguzi. Tutakusikiliza kwa siri.

Wapenzi wasikilizaji, mwisho wa woga hauji siku moja. Hata aliyezoea husikia moyo ukidunda. Tofauti ni kwamba yeye ameshajua moyo unaweza kudunda na mikono ikaendelea kukanda unga. Chagua hatua moja ndogo ya wiki hii: swali moja kwenye ofisi, daftari moja, mandazi kumi. Tukutane tena wiki ijayo tutakapozungumza juu ya chanjo za mtoto wa miezi 9. Kwaherini, na mbaki na afya njema.

Ya kukumbuka

1. Moyo kudunda si ishara kwamba wazo lako ni baya.
2. Upe woga wako jina: ni hatari ya kweli, ni maneno ya watu, au ni ugonjwa?
3. Jaribu kwa pesa ambayo ikipotea watoto bado watakula.
4. Huzuni au wasiwasi unaozidi wiki mbili baada ya kujifungua unahitaji kliniki.
5. Binti aliyejifungua ana nafasi ya kurudi shule. Fuatana naye.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni wazo gani ambalo mmoja wenu amelificha kwa muda mrefu? Woga wake ni wa fungu gani?
2. Kikundi chetu kinaweza kumsaidiaje mwenzetu kulijaribu kwa siku tatu?
3. Je, kuna mama aliyejifungua karibu ambaye hatujamwona akitoka nje? Nani atamtembelea wiki hii?